GHALA LA JADI LA NAFAKA KATIKA ENEO LA BUSIA NA MALABA: UJENZI, HISTORIA NA ISTILAHI ZAKE

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na tumeiandikia insha zisizo na idadi, lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza akiba hiyo iliwekwa wapi hata isioze. Mahindi yaliyovunwa na kurundikwa sakafuni kabla ya kukauka huota ukungu kwa muda wa siku chache tu. Mtama uliowekwa ovyo huliwa na fukusi. Karanga hufurahiwa na panya kabla hazijafurahiwa na mwenyewe. Basi methali hiyo haikusema uongo, ila ilichukulia kwamba msikilizaji anazo habari za chombo kimoja ambacho sisi wa leo tunakipita njiani bila ya kukitazama. Chombo hicho ni ghala la jadi la nafaka.

Makala haya yanadhamiria kutekeleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza jinsi ghala la kiunzi cha miti lilivyojengwa katika maeneo ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, na sababu za kila sehemu kuwa jinsi ilivyo. Pili, yatafuatilia historia ya jengo hilo tangu enzi ya wimbi hadi enzi ya mahindi. Tatu, yatajadili istilahi za Kiswahili zinazofaa kulieleza. Lengo hili la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu kitu kinapotoweka machoni, jina lake hufuata nyuma.

2.0 Eneo na Watu Wake

Kaunti ya Busia imepakana na Uganda kwa upande wa magharibi. Wenyeji wake wengi ni Waluhya, yaani Abakhayo, Abamarachi, Abasamia na Abanyala, pamoja na Iteso, ambao wanapatikana zaidi katika maeneo ya Amagoro, Malaba na Teso Kusini. Waluhya ni Wabantu na Iteso ni Waniloti, hivyo lugha zao hazina nasaba moja. Hata hivyo, wamekuwa majirani kwa muda mrefu, wakaoana, wakabadilishana mbegu, na wakajenga maghala yanayofanana mno.

Ifahamike kwamba mpaka tunaouona leo si wa tangu na tangu. Hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia mkoa huo katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mpaka mpya ukafuata kwa sehemu mito ya Sio na Malaba. Kwa hiyo jamaa wa ukoo mmoja walijikuta katika nchi mbili ilhali hakuna aliyehama. Anayetaka kuyachunguza maghala ya eneo hili hana budi kukumbuka kwamba ghala la Malaba na ghala la Tororo ni ndugu wa tumbo moja.

Lugha zenyewe zinathibitisha ujirani huo. Katika Kiluhya ghala huitwa eshiaki, na Basamia hutamka esiaki. Waganda wanaliita ekyagi. Ukiondoa kiambishi cha ngeli katika kila neno utabakiwa na mashina -aki na -agi, ambayo yanatofautiana kwa sauti moja tu. Tofauti hiyo si ya bahati. Wanaisimu wameonyesha kwamba katika Kiluhya sauti nyingi zilizokuwa ghuna ziligeuka kuwa sighuna. Ndiyo sababu Mswahili anasema mgeni na Mbukusu anasema omukeni. Kwa upande mwingine, Iteso wanaliita ghala edula, na Wajaluo, majirani wa kusini, wanaliita dero. Maneno haya ni ya asili nyingine kabisa. Jengo moja, basi, lina majina ya koo mbili za lugha, na hilo ni funzo kwa yeyote anayedhani kwamba utamaduni na lugha husafiri daima katika gari moja.

3.0 Ujenzi wa Ghala

Ghala la jadi ni jengo dogo la mviringo, limeinuliwa juu ya ardhi, kuta zake zimesukwa kwa fito, na paa lake la nyasi lina umbo la pia iliyopinduliwa. Halina mlango wala dirisha. Tutalieleza kuanzia chini kwenda juu, kama fundi anavyolijenga.

3.1 Miguu na kitako

Kazi huanza kwa miguu. Fundi huchimbia nguzo fupi zenye panda juu, au huweka mawe makubwa mahali pasipokosa mawe. Juu ya panda hulazwa miti minene inayokingamana, na juu ya miti hiyo hupangwa mingine myembamba iliyokaribiana. Hicho ndicho kitako cha ghala. Kimo chake kutoka ardhini aghalabu huwa kati ya nusu mita na mita moja.

Kimo hicho kina sababu tatu. Sababu ya kwanza ni unyevu: udongo wa Busia hulowa sana wakati wa masika, na nafaka inayogusa ardhi huufyonza unyevu huo. Ya pili ni mchwa, ambao huonekana mapema wanapojenga njia zao za udongo juu ya mguu ulio wazi, hivyo mwenye ghala hupata nafasi ya kuzibomoa. Ya tatu ni panya. Nguzo iliyochongwa ikawa laini humpa panya taabu ya kupanda, na katika karne iliyopita wakulima walianza kuvisha kila mguu kipande cha bati chenye umbo la faneli iliyofunikwa, ili panya anayepanda agonge dari asilotarajia. Hekima hii si ya Busia pekee. Maghala ya kale ya Uingereza yaliinuliwa juu ya mawe yenye umbo la uyoga, na yale ya Asturias na Galicia huko Hispania hukalia nguzo zilizowekewa mawe bapa juu yake. Wakulima ambao hawakupata kuonana walitoa jibu moja kwa sababu panya aliwauliza swali moja.

Mti unaosifiwa kwa nguzo ni ule ambao Waluhya huuita lusiola na Wajaluo huuita siala. Mti huu huota wenyewe mipakani mwa mashamba, hunyooka vizuri, ukikatwa huchipuka tena, na mbao zake huvumilia mchwa kuliko miti mingi ya kienyeji. Mzee aliyeacha mistari ya lusiola shambani mwake alikuwa anawaachia wanawe nguzo za nyumba na za maghala ambayo hayajajengwa bado.

3.2 Mwili

Baada ya kitako, hufuata mwili. Fito ndefu husimamishwa kuzunguka ukingo wa kitako, kisha fito nyembamba zilizo mbichi hupitishwa ndani na nje kwa zamu, kama vile msusi anavyosuka tenga. Kwa hakika, mwili wa ghala ni tenga kubwa. Mara nyingi fundi aliusuka ukiwa chini, kisha wanaume kadhaa wakaunyanyua na kuuweka juu ya kitako. Hakuna msumari unaotumika; kila kiungo hufungwa kwa magome, ugwe au nyuzi za mkonge.

Kwa nini mviringo? Nafaka husukuma kuta kwa nje. Katika jengo la pembe nne msukumo huo huzielemea kuta na kuzipinda, na viungo vya pembeni huachana. Katika mviringo kila ufito hugawiwa sehemu yake sawa ya mzigo, na kadiri nafaka inavyosukuma ndivyo ususi unavyokaza. Zaidi ya hayo, mviringo hauna pembe ambamo unga na makapi hujikusanya na kuwa maskani ya wadudu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kukandika. Ghala la wimbi lilikandikwa kwa ndani, na mara nyingine kwa nje, kwa mchanganyiko wa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kwa maana punje za wimbi ni ndogo na zingevuja katika kila tundu. Ghala la mahindi yaliyo katika magunzi halikukandikwa, ili upepo upenye na kuendelea kuyakausha. Kwa hiyo mtu aliyejua kusoma maghala aliweza kusimama langoni na kutambua, bila ya kuuliza, boma hilo limevuna nini.

3.3 Paa

Paa husukwa peke yake. Makombamoyo hukutanishwa kileleni na kufungwa, mapao huzungushwa juu yake, kisha nyasi huezekwa kwa matabaka kuanzia ukingoni hadi kileleni. Mteremko wake huwa mkali ili mvua iteleze isitue, na ukingo wake hutokeza nje ya mwili kama mwavuli ili matone yaangukie mbali na ukuta.

Paa hili halifungwi kwenye mwili. Huketishwa juu yake tu. Anayetaka nafaka huegemeza gogo lililokatwa vidato, hupanda, hulisukuma paa upande mmoja kwa mti wa kuinulia, kisha hulitegemeza. Nafaka inapopungua hadi mkono usipofika, mtoto mdogo huingizwa ndani. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa mtoto huyo. Anakumbuka giza la mle ndani, vumbi lililomkwaruza kooni, harufu ya nyasi na ya nafaka kavu, na sauti ya nyanya yake ikihesabu vikapu kutoka nje ili mjukuu asizidishe wala asipunguze.

4.0 Ghala Katika Maisha ya Jamii

Ghala halikuwa chombo cha chakula tu. Katika mila za jamii za eneo hili, mke aliyeolewa alipewa jiko lake, shamba lake na ghala lake. Mume aliyekuwa na wake wawili hakuchanganya mavuno yao. Mume naye aliweza kuwa na ghala lake mwenyewe, lililowekwa kwa ajili ya wageni, sherehe na miaka ya njaa. Mke ndiye aliyeamua kitolewe kiasi gani kila siku, na ilikuwa aibu kwa mwanamume kuchungulia ghala la mkewe. Kwa kutazama idadi ya maghala uani, mgeni alipata kujua ukubwa wa familia na uwezo wake. Posa nyingi zilianza kwa jicho kama hilo.

Wimbi lilikuwa na hadhi ya pekee. Kwa Iteso, ambao huliita akima, wimbi ndilo linalotengenezewa ajon, pombe inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja kilichowekwa katikati ya wanywaji. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, ambaye kitabu chake kuhusu Iteso wa Kenya kilichapishwa mwaka 1978, aliuchunguza unywaji huo kama njia ya kuelewa mahusiano ya majirani. Kazi za pamoja kama kulima na kuezeka zililipwa kwa pombe hiyo. Kwa hiyo asiye na wimbi ghalani hakukosa ugali peke yake, bali alikosa pia mikono ya kumsaidia. Mbegu za msimu ujao nazo hazikuwekwa pamoja na chakula. Zilitundikwa juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu, na kwa namna hiyo njaa ya leo haikuruhusiwa kula mavuno ya kesho.

5.0 Historia: Kutoka Wimbi Hadi Mahindi

Wimbi ni zao la kale la nyanda za Afrika Mashariki, na sifa yake kuu ni uvumilivu. Punje zake ni ndogo mno hata fukusi hawana nafasi ya kutagia mayai ndani yake. Likikaushwa vizuri hukaa kwa miaka. Ghala la jadi lilibuniwa kwa ajili ya zao la namna hii pamoja na mtama, na kwa kazi hiyo halikuwa na kasoro kubwa.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Serikali ya kikoloni ilihimiza pamba, zao lisiloliwa, na mashamba ya nafaka yakapungua. Ilihimiza pia mihogo iwe kinga ya njaa, na muhogo una ghala lake la asili, yaani udongo wenyewe, kwa kuwa huweza kuachwa shambani hadi siku ya kuhitajiwa. Reli iliyopitia Malaba ilifika Kampala mwaka 1931, na nafaka ikapata njia ya kuondoka kwa wingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, serikali ilianzisha udhibiti wa mahindi, ikapanga bei na kuamua nani anunue na nani asafirishe. Tangu hapo maamuzi ambayo zamani yalifanywa na mama mwenye ghala yalianza kufanywa ofisini.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1964, pale aina ya kwanza ya mahindi chotara iliyotokana na utafiti wa Kitale ilipotolewa kwa wakulima. Mavuno yaliongezeka sana. Lakini mengi ya mahindi chotara yana punje laini na maganda yasiyoifunika ncha ya gunzi barabara, hivyo fukusi huweza kuingia yakiwa bado shambani. Isitoshe, mavuno ya msimu wa masika katika magharibi ya Kenya huangukia miezi ambayo mvua haijakoma. Mkulima alipoyaweka mahindi hayo katika ghala lililobuniwa kwa wimbi, aliona yanaota ukungu na kutobolewa, akalilaumu ghala.

Kisha akaja dumuzi. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa Tanzania mapema katika muongo wa 1980 na akaingia Kenya kupitia Taita Taveta mwaka 1983. Dumuzi hula mahindi na makopa ya muhogo hadi yakabaki vumbi, na huweza pia kutoboa miti mikavu na kuishi ndani yake. Hapo ndipo msiba wa ghala la miti ulipokamilika, kwani kiunzi kilichokuwa mlinzi wa chakula kiligeuka kuwa maficho ya adui. Mkulima anaweza kuyamaliza mahindi yote, akafagia, akajaza mavuno mapya, na dumuzi wakatoka katika fito za ukuta kuja kuyapokea.

Mbali na wadudu, kulikuwapo wezi. Ghala lisilo na mlango halina kufuli. Mashamba yaliyogawanywa kwa warithi yalizidi kuwa madogo, mavuno yakatosha magunia machache, na magunia machache ni rahisi kuyaingiza chumbani, chini ya bati, karibu na kitanda. Leo katika maboma mengi ya Busia na Malaba ghala ni kona ya sebule.

Na mpaka? Katika muongo wa 1970 bidhaa zilivuka kwa siri usiku, na neno letu magendo likaenea Uganda hata likawa jina la uchumi mzima wa kipindi cha Idi Amin. Siku hizi nafaka huvuka mchana. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na mahindi ya Uganda hupitia hapo na Malaba kuelekea masoko ya Kenya. Lakini mwezi Machi mwaka 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache marufuku hiyo ilibadilishwa kuwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Si jambo la mzaha. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika maeneo ya mashariki ya Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Sumukuvu hutokana na ukungu, na ukungu hutokana na nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mjadala wa mpakani wa mwaka 2021, kwa hiyo, ulikuwa mjadala wa ghala, ingawa neno hilo halikutajwa sana.

6.0 Istilahi za Ghala Katika Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa aeleze sehemu za ghala, mara nyingi husikika akisema "ule mti wa chini", "kile kitu cha juu" au "zile fimbo za pembeni". Baadhi yetu hukimbilia kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani na hakina maneno ya vitu vya bara. Dai hili halina mashiko. Katika sehemu ya tatu ya makala haya tumetumia nguzo, panda, kitako, fito, ugwe, makombamoyo, mapao, kukandika na kuezeka. Maneno hayo yote ni ya Kiswahili, na mengi yalitumika tangu zamani katika ujenzi wa nyumba za pwani. Hayakukosekana, tuliyakosa sisi.

Majina ya chombo chenyewe nayo yanahitaji kupambanuliwa:

(a) Ghala. Neno hili lina asili ya Kiarabu, ambako linahusiana na mazao ya shamba. Katika Kiswahili limekuwa jina la jumla la mahali popote pa kuwekea bidhaa, iwe nafaka, saruji au silaha.

(b) Kihenge. Hiki ni chombo kikubwa cha mviringo kilichosukwa kwa fito au matete kwa ajili ya nafaka. Ukiyatazama maelezo ya sehemu ya 3.2 utakubali kwamba eshiaki na edula ni vihenge hasa.

(c) Uchaga. Ni jukwaa la miti la kuwekea nafaka, aghalabu juu ya moto wa jiko. Wamijikenda wamelihifadhi jambo hili katika ujenzi wa nyumba zao, ambamo nafaka hukaa darini na moshi hupanda kuikausha.

(d) Dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa shambani, anamokaa mwenye kuamia ndege. Hakihifadhi nafaka, ila hufananishwa na ghala kwa sababu ya miguu yake.

(e) Bohari na stoo. Haya hutumiwa zaidi kwa majengo ya serikali, ya biashara na ya shule.

Pendekezo la makala haya ni kwamba tulifufue neno kihenge kwa ghala la kusukwa, na tuliache neno ghala libaki kuwa la jumla. Anayeandika kwamba mahindi ya mama yaliwekwa "ghalani" hajakosea, lakini msomaji wake anaweza kuona akilini mwake jengo la mabati la Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, iliyoundwa mwaka 1979. Akiandika "kihengeni", picha ni moja tu. Lugha ya kifasihi hupenda neno linaloonyesha.

Vipimo navyo viko hatarini. Kibaba na pishi, ambayo ni sawa na vibaba vinne, vimebaki katika methali ya haba na haba. Katika soko la Busia watu hupima kwa gorogoro, mkebe wa takribani kilo 2, na kwa gunia la kilo 90. Hakuna haja ya kuidharau gorogoro. Neno linalotumiwa na muuzaji na mnunuzi kila siku lina haki ya kuingia katika kamusi zetu kuliko neno lililohifadhiwa kama kaburi.

7.0 Je, Tulirudie Ghala la Jadi?

Wako wanaodai kwamba ghala la jadi ni ushamba uliopitwa na wakati. Wako pia wanaodai kwamba tukilirudia matatizo yetu yatakwisha. Pande zote mbili zimesahau kuuliza ghala hilo lilijengewa zao gani. Kihenge kilishindwa na mahindi mabichi na dumuzi. Hakikushindwa na wimbi.

Hata hivyo, zipo kanuni zake ambazo hazijazeeka: inua, kausha, pitisha hewa, zuia panya, safisha kabla ya kujaza. Wataalamu wa kilimo walipowashauri wakulima wajenge ghala la mahindi lenye umbo la mstatili mwembamba, lenye miguu mirefu iliyovishwa bati na ubavu mrefu unaotazama upepo, walikuwa wanaitafsiri elimu ya eshiaki kwa ajili ya zao jipya. Kwa upande mwingine, mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, hutumia kanuni tofauti: wadudu hufa kwa kukosa hewa. Lakini mifuko hiyo haikaushi. Atakayefunga humo mahindi mabichi atakuwa ameufungia ukungu nyumba yake. Nafaka ishuke kwanza hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo anaweza kutia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo na kuitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikinata kioo, mahindi yarudi juani.

Kuna jambo zito zaidi ya ufundi. Mkulima asiye na mahali salama pa kuweka mavuno hulazimika kuyauza mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei imeanguka. Miezi michache baadaye, kabla ya mavuno mengine, huenda sokoni na kununua gorogoro kwa bei iliyopanda, na huenda mahindi hayo ni yale yale aliyoyauza. Faida imebaki kwa mwenye uwezo wa kusubiri. Hapo ndipo tunapoiona maana kamili ya ghala: lilimpa mwenyewe muda. Mama aliyekuwa na kihenge kilichojaa hakuharakishwa na mchuuzi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ghala la jadi la Busia na Malaba lilikuwa jengo lenye hesabu, kila kiungo chake kikiwa na sababu. Kwamba kutoweka kwake kulitokana na mabadiliko ya zao, wadudu, ardhi na soko, si uzembe wa wenyeji. Na kwamba Kiswahili kina istilahi za kutosha kulieleza. Jumba la Makumbusho la Kisumu limehifadhi boma la Kijaluo pamoja na dero zake, na ni vyema wanafunzi walitembelee. Lakini makumbusho huhifadhi umbo, nayo majina huhifadhiwa na wasemaji. Kila mwanafunzi anayetoka eneo hili akienda likizo amwendee bibi au babu aliyewahi kusuka kihenge, aandike jina la kila sehemu kwa lugha ya nyumbani, na alitafutie mwenzake katika Kiswahili. Ghala la nyanya ya mwandishi lilianguka. Limebaki jiwe moja la mguu, ambalo sasa hutumiwa kunolea visu. Maneno yake yamewahiwa, lakini kwa shida, na si yote.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Haiozi ikiwekwa.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza jinsi umbo la ghala la wimbi linavyotofautiana na la ghala la mahindi, na utoe sababu.
2. "Kiswahili hakina msamiati wa ujenzi wa bara." Jadili kwa kutolea mifano kutoka jamii yako.
3. Orodhesha sehemu za ghala katika lugha yako ya kwanza, kisha upendekeze kisawe cha Kiswahili kwa kila moja.
4. Tathmini maana ya methali "akiba haiozi" kwa kuzingatia hali ya mkulima wa mpakani leo.